Mama Anayemficha Binti Yake Siku ya Chanjo

Hutokea hivi. Mwalimu mkuu apata habari ya kwamba wauguzi wa zahanati watafika shuleni siku fulani, kuwachanja wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Habari yafika nyumbani. Siku yenyewe ikifika, madawati mengine yako wazi. Msichana mmoja amepelekwa kwa bibi yake. Mwingine asemekana anaumwa kichwa. Wa tatu yuko shambani na mama yake, ingawa palizi ilikwisha zamani. Wauguzi hufunga masanduku yao ya baridi na kwenda zao, na jioni hakosi mtu wa kusema: "Watu wetu ni wajinga."

Sisi twasema hapana. Mama yule si mjinga, wala si mbaya. Amefanya lile ambalo mama yeyote angefanya akiamini ya kwamba mwanawe yu hatarini: amemficha. Kosa haliko katika upendo wake. Liko katika habari aliyopewa na mtu asiyejua, na zaidi katika habari ambayo wenye kujua hawakumpa. Katika makala hii twapenda kuchunguza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu limegusa uhai wa binti zetu, na uhai ni amana ya Mungu.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuujue ugonjwa. Hapa Tanzania hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii ya mlango wa kizazi. Karibu daima chanzo chake ni virusi viitwavyo kwa kifupi HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya tendo la ndoa. Watu wengi mno huvipata bila kujua, na mwili wa walio wengi huvishinda wenyewe. Lakini kwa wanawake wengine hubaki kimya, wakafanya kazi yao polepole kwa miaka 10, 15 au hata 20. Mwanamke hana maumivu, alima, apika, alea watoto. Siku damu inapoanza kumtoka ovyo na kiuno kumwuma, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Hapo safari ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali nyingine kubwa, yawa ndefu na ya gharama, na wengi huianza wakiwa wamechelewa.

Kwa hiyo chanjo hutolewa utotoni, kabla virusi havijapata nafasi ya kuingia. Ilianza kutumika duniani mwaka 2006. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Matunda yake yamekwisha kuonekana mahali ilipoanza mapema. Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha ya kwamba kati ya wanawake waliopata nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, ugonjwa huu ulipungua kwa asilimia 87. Scotland, mwaka 2024, ilitangazwa ya kwamba kati ya waliochanjwa kamili katika umri huo hakuonekana hata mmoja mwenye saratani hiyo.

MASWALI YA WATU NA MAJIBU YAKE

Sasa tuyasikilize maswali. Twayaandika kama yanavyosemwa kisimani na nje ya kanisa baada ya Misa, bila kuyadharau.

La kwanza: "Je, sindano hii haiwafanyi wasichana kuwa tasa?" La hasha. Mamilioni ya wasichana wamechanjwa tangu mwaka 2006 katika nchi nyingi, za matajiri na za maskini; wengi wao sasa ni akina mama, na hakuna uchunguzi ulioonyesha ya kwamba chanjo hii yazuia kuzaa. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, pamoja na tiba yake nzito: kutolewa kizazi, au kuchomwa kwa mionzi. Anayeogopa utasa anayo sababu ya kuitaka chanjo, si ya kuikimbia.

La pili: "Je, haitawafundisha watoto wetu uasherati?" Swali hili tunaliheshimu, kwa maana latoka kwa wazazi wanaotaka kulea watoto katika usafi wa moyo. Lakini tufikiri. Msichana aweza kuishi kwa usafi hata siku ya arusi yake, akaolewa kwa Sakramenti takatifu, na akaambukizwa na mume wake aliyeishi vingine kabla ya ndoa. Aweza pia, Mungu aepushe, kutendewa jeuri na mtu mwovu. Katika hayo mawili yeye hana kosa lolote, na ugonjwa hauulizi nani mwenye kosa. Malezi mema ni kazi ya wazazi, wala hakuna sindano iwezayo kuyaleta au kuyaondoa.

La tatu laulizwa na Wakristu walio waangalifu: "Je, haikutengenezwa kwa mwili wa mtoto aliyetolewa mimba?" Chanjo hii ya HPV haitengenezwi kwa njia hiyo, basi kwa upande wake swali limekwisha. Kuhusu chanjo nyingine ambazo seli za namna hiyo, zilizochukuliwa miaka mingi iliyopita, zilitumika katika kuzitafiti au kuzitengeneza, Kanisa limesema waziwazi. Tarehe 21 Desemba 2020 Idara ya Roma iangaliayo Mafundisho ya Imani ilieleza ya kwamba pasipopatikana chanjo nyingine isiyo na doa hilo, Mkristu aweza kuipokea bila kushiriki dhambi ya utoaji mimba. Tena iliongeza mambo mawili yanayofaa kukaa pamoja: ya kwamba kwa kawaida chanjo haipasi kulazimishwa, na ya kwamba kila mtu anao wajibu wa kujali usalama wa wenzake, hasa walio dhaifu.

La nne ndilo gumu, na mara nyingi ndilo lililo chini ya mengine yote: "Zahanatini kwetu twakosa hata dawa ya maumivu. Mama akienda kujifungua huambiwa alete mipira ya mikono. Imekuwaje sindano hii ije kwa gari, bila malipo, mpaka mlangoni?" Tusimcheke aulizaye hivi. Ametumia akili yake barabara: aliyezoea kulipia kila kitu hushangaa akipewa bure. Jibu la kweli ni hili. Chanjo hununuliwa kwa wingi kwa msaada wa mfuko wa mataifa uitwao Gavi, ulioanzishwa mwaka 2000, pamoja na mchango wa Serikali yetu. Dawa za kila siku hufuata njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi imeziba. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili wanadaiwa wenye madaraka: wazibue njia hiyo. Mtu aliyerudishwa mara tatu bila dawa si rahisi kuamini anapoambiwa, mara ya nne, ya kwamba anapendwa.

HOFU HUWA NA HISTORIA

Wahenga walisema ya kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayemwona ameruka kando ya njia humcheka, kwa sababu hakuiona siku ile alipoumwa. Tuangalie yaliyotokea Kano, kaskazini ya Nigeria.

Mwaka 1996 Kano ilipatwa na homa kali ya uti wa mgongo, ikaua watu kwa maelfu. Katika msiba huo kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani ilifika na kufanya majaribio kwa watoto wapatao 200: nusu walipewa dawa mpya, nusu dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walifariki, na wengine walibaki na vilema. Kampuni ilikana ya kwamba dawa yake ndiyo iliyowadhuru. Wazazi walilalamika ya kwamba hawakuelezwa kuwa watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kesi iliendelea miaka mingi, hata mwaka 2009 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 75 ili kumaliza shauri na jimbo la Kano.

Sasa, mwaka 2003, walipokuja watu wengine mlango kwa mlango na matone ya polio, wakiyatoa bure kwa watoto, Kano ilikumbuka. Uvumi ulienea ya kwamba matone yale yana dawa ya utasa na virusi vya UKIMWI. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini jeraha lililoulisha lilikuwa la kweli. Jimbo likasimamisha chanjo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Virusi vya polio vilivyotoka kaskazini ya Nigeria vikafika nchi zipatazo 20, hata Indonesia, na watoto ambao wazazi wao hawakupata kuisikia Kano walipooza miguu.

Ilimalizikaje? Si kwa askari, wala kwa matusi. Viongozi walipelekwa kuona vipimo vikifanyika. Chanjo ikachukuliwa kutoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, ambayo watu wa Kano waliweza kuiamini. Na mwezi wa Julai 2004 Gavana yule yule aliyekuwa ameisimamisha alimleta binti yake mdogo apewe matone mbele ya umati. Kazi ilichukua miaka mingine mingi, machifu na maimamu wakisimama pamoja na waganga, hata mwezi wa Agosti 2020 kanda ya Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

Wasomaji wengine watakumbuka pia ubishi wa mwaka 2014 katika nchi jirani ya Kenya, Maaskofu walipoeleza mashaka juu ya chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walijibu ya kwamba chanjo ni salama, wakieleza ya kwamba vipimo vilivyotumika vilikuwa vya kupimia damu ya binadamu, si chanjo. Hatuutaji ubishi huo ili kumhukumu mtu. Twauchota somo moja: maswali ya namna hii yaulizwe mapema, mezani, na vipimo vikubaliwe na pande zote kabla ya majibu kujulikana. Wakubwa wanapobishana magazetini, mama wa kijijini hubaki katikati, na ugonjwa haumngoji mpaka wapatane.

IMANI YA WATU HUJENGWAJE?

Kwa mifano hiyo twaona ya kwamba imani ya watu haipatikani kwa amri. Hujengwa polepole, kabla ya siku ya haja, kama ghala linavyojengwa kabla ya mavuno.

Tazameni Rwanda. Mwaka 2011 nchi hiyo, ambayo miaka 17 kabla yake ilikuwa imeangamizwa na mauaji ya kimbari, ilianza kuwachanja wasichana wake wote dhidi ya HPV, ya kwanza katika Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Zaidi ya wasichana 90 kati ya 100 waliolengwa walichanjwa. Hawakuanza na sindano. Walianza na mazungumzo: walimu, viongozi wa vijiji, viongozi wa dini, na wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mhudumu huyo ni jirani. Alikuwapo mtoto alipoharisha na mama alipojifungua. Basi aliposema juu ya chanjo, sauti yake haikuwa ngeni. Na msichana asiyeonekana shuleni siku ile alifuatwa nyumbani kwa upole.

Sisi wenyewe tunayo kumbukumbu yetu. Mwaka 2020 Serikali yetu iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa wa Korona, na mwanzoni mwa mwaka 2021 wananchi waliambiwa hadharani wazitilie shaka chanjo. Mwezi wa Januari mwaka huo Maaskofu wetu waliwaonya waamini ya kwamba ugonjwa upo na kwamba wajilinde. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya taifa zima. Je, watu walikimbilia chanjo siku ya pili? Wengi hawakukimbilia. Neno lililosemwa kwa miezi mingi halifutwi kwa siku moja. Ilibidi wahudumu washuke vijijini na mitaani, nyumba kwa nyumba, pamoja na wenyeviti, mashehe, wachungaji na mapadre, ndipo idadi ikaanza kupanda kwa nguvu mwaka 2022. Funzo ni wazi: kuvunja imani ya watu ni kazi ya hotuba moja, kuijenga upya ni kazi ya miguu mingi.

MPISHI WA MERKA

Tena twapenda kumtaja mtu mmoja asiye mkubwa. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari kwa dakika chache ili kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wenye ndui mahali pa kutengwa. Akaambukizwa. Alifanya kazi hospitalini, chanjo ilikuwapo, lakini alikuwa ameikwepa; baadaye alikiri mwenyewe ya kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Wale aliokutana nao walitafutwa, watu wa mji na kandokando yake wakachanjwa kwa maelfu, wala hakuna aliyeugua kwa kuambukizwa naye. Ndiye aliyekuwa mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kwamba ugonjwa huo, uliokuwa ukiua kama watu 3 katika kila 10 uliowapata, umekwisha.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kuwapa watoto wa Somalia matone ya polio. Alipokutana na mzazi anayekataa, hakumgombeza. Alimsimulia habari yake mwenyewe: jinsi alivyoogopa, jinsi alivyokwepa, na jinsi alivyougua. Mwaka 2013 alikufa kwa malaria akiwa katika kazi hiyo hiyo. Serikali na mashirika wana karatasi nyingi zenye ushahidi wa chanjo, mpishi huyu alikuwa na neno ambalo karatasi haina: "Hata mimi niliogopa."

WAJIBU WETU

Basi, tufanye nini?

Wauguzi na waganga, tunawaheshimu kwa kazi yenu ngumu. Tunawaomba msifike shuleni kabla ya kufika kwa wazazi. Iteni mkutano, elezeni, ngojeni maswali, na mseme kweli yote: ya kwamba mkono utauma siku moja au mbili, ya kwamba wengine hupata homa kidogo au kizunguzungu, na ya kwamba kwa nadra sana mwili wa mtu huikataa chanjo kwa nguvu, ndiyo sababu mtoto huambiwa akae kitako kama robo saa baada ya kuchomwa. Anayeficha dogo hataaminiwa kwa kubwa.

Wenye madaraka, msilazimishe wala msitishe. Na dawa za kawaida zifike zahanatini, kwa maana kila rafu tupu hushuhudia kinyume cha maneno yenu.

Wazazi, ulizeni kwa anayejua. Sauti iliyorushwa kwenye simu, isiyo na jina la msemaji wala mahali pa kumpata, si shahidi. Hata mahakama ya mwanzo isingeipokea. Mama mwenye umri wa miaka 30 au zaidi naye aende kupimwa, kwani chanjo ya binti haimkingi mama, na ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibika.

Nasi mapadre, makatekista na waandishi tusijitoe katika hesabu hii. Mara nyingi sisi tu wa kwanza kuulizwa na wa mwisho kujifunza. Neno la shaka lililotupwa mimbarani kwa uzembe husahauliwa na aliyelisema kabla ya chakula cha mchana. Lakini msichana aliyefichwa kwa ajili ya neno hilo atafika miaka 35, atakuwa mama wa watoto wanne, na siku atakapolala kitandani hakuna atakayekumbuka nani alisema nini. Mungu atakumbuka. Tusiposhika jambo, tuseme hatujui, tumwite muuguzi baada ya Misa aeleze.

WAWATA na jumuiya ndogo ndogo zaweza kulijadili jambo hili katika mkutano wa wiki hii. Ziulizane: Je, sisi tulisikia nini juu ya chanjo hii, na tulisikia kwa nani? Nani katika jumuiya yetu amepata kumwuguza mwenye saratani hii, naye yu tayari kusimulia? Je, yupo mama kati yetu anayeogopa na ambaye hajapata mtu wa kumsikiliza?

Tukumbuke Mtume Tomaso. Wenzake walimwambia habari njema kuliko zote, naye akakataa mpaka aone na kugusa. Bwana wetu Yesu Kristu hakumfukuza katika chumba kile, wala hakuwaambia wengine wamcheke. Alirudi kwa ajili yake, akamwonyesha majeraha yake, akamkaribisha kuyagusa. Ndipo Tomaso akaamini. Nasi twende vivyo hivyo kwa mama yule aliyemficha binti yake. Twende nyumbani kwake, tuketi, tumsikilize mpaka amalize, na tumjibu kweli. Wauguzi watarudi tena, na wakirudi, inshallah, dawati lile lisiwe wazi.